Bahasha Niliyoogopa Kuifungua

Kemunto wangu,

Uko saluni Nyamache unasukwa nywele, na kwa jinsi ninavyomjua huyo msusi wako mwenye domo, hamtamaliza kabla ya saa kumi. Baba yako ameenda kanisani kuazima viti vya maombi ya kukuaga kesho asubuhi. Nyumba ni yangu peke yangu, pamoja na kuku wawili waliokataa kutoka jikoni. Nimekaa kwenye meza uliyosomea tangu shule ya msingi, nimechukua kalamu yako bila ruhusa, na nitaandika mpaka nisikie pikipiki inayokurudisha.

Kuhusu soksi nzito, unga wa wimbi na kuvaa kofia kwenye baridi, shangazi yako amekuambia mara tatu nikiwa hapo. Kuhusu wanaume amekuambia mara nne. Mimi siongezi kitu. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya mguu wangu.

Unajua nilienda Uarabuni kufanya kazi ukiwa darasa la tano. Unajua nilirudi kabla ya mwaka kuisha, nikishuka garini na magongo mawili, na kwamba ulinikimbilia halafu ukasimama katikati ya njia kwa sababu hukujua unishike wapi. Ulipouliza, tulikuambia niliumia kazini na madaktari wa huko wakakosea. Nimeyasema hayo mbele yako mara nyingi, na kila nikiyasema baba yako huangalia kando. Madaktari wa huko hawakukosea, mwanangu. Hawakunitibu inavyotakiwa, na sababu yake haiko Uarabuni, iko hapa hapa nyumbani na tunaikaribisha chai. Nimekudanganya miaka kumi na moja, na leo nimechoka.

Wewe unampenda Sokoro, na sikulaumu. Ni ndugu mdogo wa marehemu babu yako, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye kwenye mkutano wowote huwekewa kiti cha mbele hata akichelewa. Mtu wa hapa akitaka pasipoti, fomu ya chuo au barua ya chifu, anaenda kwake kwa sababu anajua maofisi na ana mwandiko mzuri. Wewe unaingia kwake bila kubisha. Unamvua kofia unaivaa, unamwita mume wako mzee, naye anacheka mpaka anakohoa. Mila yetu imewaruhusu, mjukuu na babu ni watu wa utani.

Mimi, kimila, ni mke wa mtoto wake. Kati yangu na yeye kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana aibu, na ingawa umelisikia neno hilo tangu utotoni, halijawahi kukubana kama lilivyonibana mimi. Simpi mkono. Siketi alipoketi. Siingii nyumbani kwake akiwa peke yake. Nikiongea naye nasimama mbali na macho nayapeleka chini, na mambo ya mwili au ugonjwa siyataji kabisa mbele yake. Akinipa kitu, nakipokea nimeinama na kuondoka. Sikifungui, sikiangalii, siulizi kina nini ndani, kwa sababu kuuliza ni kumwambia baba mkwe kwamba ni mwongo. Nilifunzwa hivyo kwetu Nyamira na nilijivunia. Wanawake wa ukoo huu walikuwa wakisema, huyo Bosibori amelelewa, na mimi nilikuwa napita na debe langu la maji nikijifanya sijasikia.

Basi kazi ilipopatikana, ya kufua nguo kwenye hoteli kubwa, ni Sokoro aliyeshika karatasi zote. Nilikuwa namwita Tata, yaani baba, kama baba yako anavyomwita. Ukoo na kanisa walichanga, na siku ya kuniaga alisimama hapo nje penye mti wa avokado akatangaza kwa sauti yake ya darasani kwamba amenikatia bima ya mwaka mzima. Alisema, “Akiugua, bima. Akivunjika, bima. Hata likitokea lile ambalo hatulitaji hapa, mtoto wetu atarudi nyumbani kwa heshima.” Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliimba. Kisha akaniita, akanipa bahasha ya kahawia iliyofungwa kwa gundi na juu yake utepe wa plastiki. “Usiifungue ovyo ikachafuka,” akasema. “Ukifika hospitali ya huko, unawapa wao.” Nikainama, nikapokea, nikarudi nyuma hatua tatu.

Siku mbili zilipita kabla sijaondoka. Hizo siku mbili ndizo zinazoniuma kuliko mguu. Nilikuwa na kidato cha nne, Kemunto. Kiingereza nilikuwa nakisoma vizuri tu. Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa peke yangu chumbani, nikaishika ile bahasha nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama maandishi yataonekana. Kwa hiyo usije ukaambiwa mama yako alikuwa mjinga asiyeshuku kitu. Nilishuku. Kitu fulani tumboni kiliniambia fungua. Halafu nikaona aibu, nikajiona mwanamke mbaya anayechungulia mambo ya baba mkwe, nikaishusha na kuizika chini kabisa ya sanduku kati ya nguo zangu. Aibu ile niliitii kuliko tumbo langu.

Mwezi wa nne kule niliteleza. Sakafu ya chumba cha kufulia ilikuwa na sabuni, nilikuwa nimebeba shuka nyingi sioni mbele, na nikasikia mfupa wa mguu juu ya kifundo ukilia. Sikulia mimi. Unajua nilichofikiri pale chini? Nilifikiri, afadhali nina bima. Msimamizi alisema bima ya hoteli huanza mtu akishapata kitambulisho cha ukaazi, na changu kilikuwa bado hakijatoka. Nikamwambia kwa majivuno, usijali, mimi nina yangu kutoka nyumbani. Nilimtuma msichana tuliyelala naye chumba kimoja, Mganda, aniletee ile bahasha hospitali, na nikamwambia aishike vizuri isikunjike.

Kijana wa mapokezi aliikata kwa mkasi. Akatoa karatasi moja. Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena, kisha akaigeuza upande wangu na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Nadhani alinionea huruma. Jina lilikuwa langu. Namba ya pasipoti ilikuwa yangu. Ilikuwa bima ya kweli kabisa, ya msafiri wa matembezi, ya siku kumi na nne. Ilikuwa imekwisha tangu nikiwa bado nazizoea lifti za hoteli.

Walinituliza maumivu na kunifunga plasta, kwa sababu hawawezi kumtupa mtu nje hivyo hivyo. Upasuaji wa kunyoosha mfupa walisema ni mpaka kuwe na mtu wa kulipa. Hakukuwa na mtu. Nililala wiki tano kwenye kitanda cha juu cha chumba cha wafanyakazi, nikipandishwa na kushushwa na wasichana ambao hata lugha hatukuelewana vizuri, na mfupa ukaungana ulivyotaka wenyewe.

Nilipiga simu nyumbani siku ile ile. Nilimwambia baba yako, bima ni ya siku kumi na nne, muulize Tata. Akasema, “Tata anasema iko sawa. Labda hao watu hawajui kuisoma.” Nikamwambia nimeisoma mwenyewe. Akasema, “Ng'ina Kemunto,” yaani mama Kemunto, “usiseme haya kwa watu wa kwetu walio huko. Utavunja ukoo.” Nilikuwa nimelala na mguu juu ya mto, na mume wangu ananiomba nisivunje ukoo! Sikuwa na nguvu ya kujibu. Simu ikaisha pesa.

Niliporudi, wazee walikaa kikao. Kwa sababu ya ile ile chinsoni, sikuweza kumhoji mzee uso kwa uso. Maneno yangu yalipita kwa shangazi yako, ambaye ni mwoga, na alipoyafikisha yalikuwa yamelainishwa mpaka hata mimi sikuyatambua. Nilisema, “Muulize kwa nini alitangaza mwaka na akanunua wiki mbili.” Yeye akasema, “Anauliza kama labda kulikuwa na makosa kidogo ya tarehe.” Sokoro akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akawaambia wazee, si mimi, “Nilimpa karatasi mkononi mwake, mbele yenu wote. Kwani hakusoma?” Na wazee wakageuka wakanitazama. Kuna mmoja aliuliza kwa upole kama kweli nilifika kidato cha nne.

Sijui kama utanielewa nikikuambia nilichohisi. Alijua siwezi kufungua bahasha mbele yake. Yeye ndiye aliyeniambia nisiifungue. Alichukua adabu yangu, ile niliyosifiwa kwayo, akaifanya pazia la kufichia uchafu wake, halafu akanilaumu kwa kutochungulia nyuma ya pazia. Wakaomba. Wakaniambia nimsamehe. Nikasema nimemsamehe, na shangazi yako alilifikisha hilo neno bila kulipunguza.

Hayo ya Sokoro ningeweza kuyabeba. Kuna jingine.

Miaka mitatu baadaye, mimi na baba yako tulikuwa tunachuma majani chai kwenye lile shamba la chini. Yeye alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, amenipa mgongo, mikono inaenda. Akasema bila kugeuka, “Ng'ina Kemunto, mimi nilijua.” Nikadhani anasema habari ya mvua. Akaendelea. Alikwenda na Sokoro mjini Kisii siku ya kununua bima. Waliambiwa ya mwaka ni kiasi gani, na ya siku kumi na nne ni kiasi gani, wakatoka nje wakaongea. Sokoro akasema mwajiri atamkatia nyingine akifika, hii ni ya kupitia tu uwanja wa ndege. Kilichobaki waligawana. Cha baba yako kilinunua mabati. Hii nyumba ilikuwa ya nyasi upande wa jikoni, unakumbuka, na mimi niliporudi na magongo niliikuta imeezekwa mabati mapya, nikamshukuru. Nilimshukuru, Kemunto, nikilia, kwamba hata nikiwa mbali mume wangu alijitahidi.

Niliendelea kuchuma. Nilijaza kikapu, nikakibeba hadi kituo cha majani, nikapimiwa, nikarudi nikapika. Siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nikimpa chakula bila kumtazama. Aliniomba jambo moja tu, nisikuambie wewe. Nami nilikubali, kwa sababu ulikuwa unampenda na kwa sababu nilidhani ukikaa bila kujua utakuwa salama. Hapo ndipo kosa langu kubwa liliko, na hili silipeleki kwa mtu mwingine. Wao walinificha karatasi moja. Mimi nilikuficha watu.

Maana tazama kilichotokea. Ulipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, ulikimbia na fomu zako zote moja kwa moja kwa Sokoro, huku unacheka. Kwa nini usikimbie? Nani alikuambia usifanye hivyo? Nilimuuliza baba yako, na bima je? Akasema, “Tata amepanga.” Ya muda gani? “Ya kutosha.” Akatoka kwenda kumwona ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Jumatano iliyopita ulipoenda kuwaaga akina Moraa, nilifungua sanduku lako. Nisamehe. Bahasha ilikuwa ile ile ya kahawia, na gundi, na utepe. Niliikata kwa kisu cha jikoni. Bima yako ni ya siku thelathini. Nikachukua barua ya chuo chako nikaisoma mara mbili, kisha nikampelekea mwalimu wako wa Kijerumani anisomee na yeye. Chuo kitakukatia bima siku mafunzo yanapoanza, mwezi wa tatu baada ya kufika. Miezi miwili ya kwanza ni ya lugha na ni juu yako. Kwa hiyo mwezi mzima, katika nchi ambayo mtu hapigwi hata sindano bila kuulizwa kadi, ungekuwa unatembea mtupu.

Na si hilo tu. Kwenye ukurasa wa pili kuna swali, kama msafiri ana ugonjwa wowote wa zamani. Wameweka alama ya hapana. Wewe, ambaye darasa la saba nilikubeba mgongoni usiku na mguu huu huu mpaka zahanati kwa sababu kifua kilikuwa kimefunga! Pumu haipo kwenye karatasi yako. Maana yake, hata katika zile siku thelathini, ukishikwa na kifua kwenye baridi ya huko, wangekuja kuangalia rekodi zako, wakaona dawa yako ya kuvuta, wakasema ulidanganya, na hapo bima inakuwa karatasi ya kufungia mandazi.

Nilikwenda Kisii mjini kesho yake. Ofisi ya bima nilichagua mwenyewe, sikumuuliza mtu wa ukoo wala wa kanisa. Nilimkuta binti mdogo wa rika lako mwenye kucha ndefu, nikamwambia, “Mwanangu, mimi sina haraka, nisomee kila mstari.” Alidhani natania. Nilikaa pale mpaka akaagiza chai. Alinieleza kwamba tarehe ya kuanza isiwe ya siku uliyopanga zamani bali ya siku unayopanda ndege kweli. Kwamba ukiugua, ukiweza, unapiga kwanza ile namba ya dharura kabla ya kulazwa, na unaandika jina la aliyekujibu. Kwamba ajali ya kazini si ajali ya matembezini, kwa hiyo ukipewa kibarua cha wikendi, uulize kabla ya kukubali. Nilimwambia habari ya pumu. Akasema tukiiandika itapanda bei. Nikasema iandike kwa herufi kubwa.

Kulikuwa na ukurasa wa nne. Alipofika hapo alipunguza sauti, akaniuliza kama niruke. Ni habari ya kurudisha mwili. Unajua sisi, mtu hulala kwao, na umeona mwenyewe jinsi watu wa hapa wanavyozunguka na bakuli miezi mitatu kumleta mtu aliyekufa ng'ambo. Nilitaka kumwambia aung'oe ule ukurasa. Nilitaka kuinuka nirudi nyumbani nikukataze kwenda. Nilitia sahihi, na nikalia mbele ya yule binti mwenye kucha, naye akanipa tishu, na ninamshukuru kwa hilo.

Yule ndama mwekundu unayemuulizia tangu Ijumaa, sasa unajua aliuzwa kwa nini.

Basi bima nyingine ipo, na ningeweza kuiingiza kimya kimya kwenye sanduku lako nikanyamaza, kila mtu akabaki na heshima yake. Nilifikiria pia kukutuma wewe. Wewe unaweza kumuuliza Sokoro lolote. Ungemvua kofia ukamwambia, mume wangu mzee, mbona umeniuza siku thelathini, na angelazimika kucheka na kujibu. Nililifurahia wazo hilo kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Kisha nikaona ninataka kukufanya wewe shangazi yako, mdomo wa kubebea maneno yangu. Nikaweka sufuria chini.

Leo baada ya wewe kuondoka kwenda saluni, nilikwenda kwake mwenyewe. Alikuwa peke yake, ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Sikuingia, lakini sikusimama mbali. Nilisimama pale ambapo viatu vyetu vingeweza kugusana.

“Tata,” nikasema, “nimekuja na karatasi ya Kemunto.”

“Mpe mume wako aniletee.”

“Hapana. Nitakusomea mimi.”

Akaweka gunzi chini. “Omokamwana,” akasema, yaani mke wa mwanangu, “umesahau mimi ni nani kwako?”

“Sijasahau hata siku moja. Ndiyo maana nimenyamaza miaka kumi na moja.”

Nikamsomea. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na lile swali la ugonjwa na alama yake. Nilisoma nikimtazama usoni. Sikuwahi kuuona uso wake hivyo, Kemunto, na ninamjua tangu nilipoolewa. Ana kovu dogo chini ya jicho ambalo sikujua analo.

“Hiyo ni ya kupata viza tu,” akasema. “Kila mtu anafanya hivyo. Mtoto akifika atajipanga.”

“Na pumu?”

“Ukiandika pumu watamkataza. Mimi nilikuwa nawasaidia.”

“Na mimi ulikuwa unanisaidia?” Nikainua sketi kidogo, mbele ya baba mkwe, nikamwonyesha mguu mahali mfupa ulipopinda. Akageuza kichwa haraka kana kwamba nimemtupia moto. Nikamwambia, “Tazama. Huu ndio uliojipanga wenyewe.”

Hakutazama. Alisema kwa sauti ya chini, akiongea na mahindi, “Nilikupa karatasi mkononi. Kwani hukusoma?”

“Leo nimesoma,” nikasema. “Na kesho usije kumwombea mtoto wangu.”

Niligeuka nikaondoka. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo nikidhani siku nitakayosema nitajisikia mwepesi. Nilifika pale kwenye migomba nikatapika. Bado ninamwogopa. Bado ninasikia nimefanya jambo chafu, na yeye aliyefanya jambo chafu amebaki anapukuchua mahindi. Labda chinsoni haiishi mwilini kwa siku moja, na wala sitaki uidharau. Ni kitu kizuri kikiwa mikononi mwa watu wema, na nimeona watu wema wengi. Ila huko unakokwenda utamkuta mtu wa kwetu, atakusalimia kwa Kigusii kwenye baridi, moyo utayeyuka, na atakuambia niachie pasipoti yako nikushughulikie. Msalimie vizuri. Kunywa chai yake. Pasipoti ikae kwenye mfuko wako.

Baba yako bado hajui nilichofanya. Atarudi na viti ishirini na nitamwambia kabla hajavipanga. Sijui atasema nini. Huenda akaniambia nimevunja ukoo, na mara hii nitakuwa na nguvu ya kumjibu. Wewe usimkasirikie leo, ngoja mpaka uwe mbali kidogo. Ni baba yako, alikufunza kuendesha baiskeli na alilia ulipofaulu mtihani. Mimi mwenyewe kuna siku namchukia mpaka wakati wa chakula cha jioni, halafu anakohoa nikamchemshia tangawizi. Sijui jina la kitu hicho, na sikuombi ukielewe.

Nasikia pikipiki kule juu barabarani, labda ni wewe, kwa hiyo ngoja nimalize.

Karatasi mpya iko kwenye mfuko wa ndani wa koti lako la bluu. Haina bahasha. Nakala moja inabaki nami, na nyingine nimeipiga picha iko kwenye simu yako. Lakini hayo ni maneno yangu tu, na mimi pia ni mtu wa ukoo huu, na nimekudanganya kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo kesho ukiamka, kabla watu hawajaja, itoe uisome mbele yangu. Namba ya ofisi iko juu upande wa kulia. Piga, uwaulize kama jina lako lipo kwao, kama pumu imeandikwa, na kama inafika mpaka siku ambayo chuo kitaanza kukulipia. Wanafungua saa mbili. Mimi nitakuwa nimekaa hapo mezani nakutazama, na unanijua, naweza kuvimba kwa hasira, naweza kusema huniamini mimi mama yako.

Nikivimba, endelea kuuliza.

Mimi niliyekuzaa,
Bosibori